Bega la Mjomba Hamadi

Mafuta ya nazi na ngozi ya ng'ombe: hivyo ndivyo nyumba yetu ya Small Heath, huku Uingereza, ilivyonukia kiangazi kile, nilipokuwa darasa la sita. Kila jioni Mjomba Hamadi, mdogo wake mama, aliipaka glovu yake ya besiboli mafuta yetu ya nywele, akaitia mpira tumboni, akaifunga kwa kipande cha kanga na kuilalia, ili ilainike. Mchezo huo alifundishwa shuleni Tanga na mwalimu Mjapani, na kati ya wenzake alikuwa wa kwanza kulipwa kuucheza: msimu mmoja Uholanzi, akidaka nyuma ya mpigaji. Kisha bega likateguka, akaja kwetu kujiuguza. Timu ilimwahidi nafasi yake, mradi aweze tena kurusha mpira hadi kituo cha pili, ng'ambo ya uwanja, bila kugusa nyasi.

"Mcheza kwao hutunzwa," mama alimwambia. "Sasa huko Tanga nani anaujua huo mpira wako?"

"Ndiyo maana natunzwa ugenini, dada."

Kila Jumapili alitukusanya kwenye bustani ya umma, watoto wa mtaa, wengi Wapakistani waliolelewa na kriketi. Walidaka kwa mikono mitupu bila kukunja uso, lakini wakishapiga walikimbia na gongo, kama kriketi inavyotaka. "Tupa gongo, baba, hakuna wa kuliiba," Mjomba aliwaambia. Mimi alinipa glovu na kituo cha pili. Kiangazi kizima mipira yake ilianguka mbele yangu.

Jumapili ya mwisho ya likizo, Imran, mwenye mbio kuliko wote, alichomoka kituo cha kwanza kukimbilia changu. Mjomba, aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, akainuka, akarusha. Nilijua nikiudaka ataondoka, na nyumba itabaki bila kicheko chake. Mpira ukaja chini chini, umenyooka, ukagonga glovu kama mlango unaofungwa. Imran akafika amechelewa, gongo lingali mkononi.

Mjomba alijishika bega. "Shikamoo, bega," akasema.

"Marahaba," nikalijibia.

Alicheza misimu mitatu zaidi, kisha akarejea kwetu. Sasa anatunza wazee Selly Oak, nami nakaa Acocks Green, mji huohuo, na binti yangu, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mafuta maalumu ya glovu yanauzwa mtandaoni. Mimi bado napaka ya nazi. Jumapili iliyopita Mjomba alimrushia binti yangu mpira. Ukaanguka nyasini, mbali na glovu. Wao walicheka. Mimi nilifurahi kimya: Mjomba haendi popote.