Mfuko wa Simiti Mlangoni kwa Nyanya

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, haitikii shikamoo yangu. Nikimkuta kwetu Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, namwamkia, naye hugeuza uso akautazama mnazi wa jirani kana kwamba mnazi ndio uliosema. Sichoki. Iko siku marahaba itamponyoka.

Chanzo ni masomo yangu. Matokeo ya kidato cha nne hayakunifikisha mbali, nikaanzia cheti cha uashi, nikapanda mdogo mdogo hadi nikajikuta nasomea uzamili wa kuhifadhi majengo ya kale. Tulipoambiwa kila mmoja achague jengo alipime na kulichunguza, wenzangu wote walikimbilia Mji wa Kale. Mimi nikachagua nyumba ya nyanya: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mkoko, baraza mbele.

"Mtongwe?" mwalimu akauliza. "Kuna nini huko?"

"Kuna nyanya yangu."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini bila kazi ile nisingefuzu, na nyumba nyingine sikuwa nayo moyoni.

Nilifika mwezi wa Shaabani, wakati nyanya huipaka nyumba chokaa kuingojea Ramadhani. Ami alikuwa barazani. Siku nyingi alikuwa akitamani kuivunja nyumba ajenge vyumba vya kupangisha.

"Wapima nini?"

"Nyumba, ami. Ni masomo tu."

"Masomo! Wallahi nawajua nyinyi. Mkishaiandika nyumba ya mtu kuwa ya kuhifadhiwa, hata msumari hapigi bila ruhusa. Umekuja kutufunga mikono."

Nikamchekea, maana ndivyo nilivyozaliwa. Akazidi kuchemka.

Darasani tulifundishwa kutia alama kila ufa kabla ya kupiga picha. Nikachukua chaki ya nta, nyekundu, nikatia X kwenye kila ufa, nzuri, zimenyooka. Kisha nikaenda kuswali alasiri.

Niliporudi, godoro lilikuwa nje. Mpangaji wa chumba cha uani, mama wa bara ambaye mumewe ni kuli bandarini, alikuwa akifunga masufuria kwenye leso.

"Mnabomolewa na hamtuambii? Tulikokuwa tunakaa walipaka X kama hizi, asubuhi tingatinga hiyo hapo!"

"Mama, hizi ni zangu, za shule..."

"Na bado unacheka! Shule gani ya kuchora X, buda?"

Majirani wakajaa. Mmoja akapaza sauti, "Mjukuu kamuuza nyanyake!" Ami hakumkanya. Alininyang'anya futi ya kupimia akaitosa kisimani. "Haya, kapime maji."

Jioni ile nilisugua zile X kwa sabuni na brashi. Nta haikutoka. Rangi ilisambaa, ukuta ukawa kama umechinjiwa kuku.

Asubuhi ami akaja na fundi na mfuko wa simiti, akaubwaga mlangoni.

"Nitaufunika upuuzi wako."

Hapo sikucheka. "Ami, nakuomba, si simiti. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba, unyevu utabaki ndani, mawe yataoza, nyumba imwangukie nyanya."

"Ikianguka tutajenga nyingine."

Fundi akainamisha kichwa. Mlango ukafunguka, nyanya akatoka na bakora yake.

"Umesemaje?"

"Nimesema nyumba, mama. Sikukusema wewe."

"Na mimi hulala wapi? Mnazini?"

Nyanya akajishusha taratibu, akaketi juu ya ule mfuko, akatengeneza buibui lake.

"Mwenye kutaka simiti yake na aje aniinue."

Ami alikwenda kushoto, akaja kulia. Kumgusa mamake hakuthubutu. Fundi akaaga kwa heshima akajiendea zake. Nikajiona nimeshinda, tabasamu likaniponyoka.

"Na wewe usinichekee!" nyanya akaniwakia. "Digrii yako imenifukuzia wapangaji, imenichafulia ukuta. Kakoroge chokaa!"

Nikakoroga. Nyufa nikazijaza chokaa na mchanga, nikapaka ukuta mzima mara moja, nikapaka tena, yeye akinielekeza kwa bakora kila mahali wekundu ulipochungulia. Ami aliketi barazani akinitukana mimi, chuo changu, na ndevu zangu ambazo hazijaota vizuri.

Kazi ile nilipita kwa shida. Mwalimu aliuliza kwa nini kila picha ya mlango ina ajuza amekalia mfuko. Nikamwambia ukweli: asingeketi pale, picha yenyewe isingekuwapo.

Mvua za masika zikaunyeshea mfuko pale pale, ukawa jiwe. Karatasi imebanduka, nyanya ametandika mkeka juu yake, na hapo ndipo anapoketi. Mama wa bara hakurudi. Nikikutana naye kwenye maduka hunipisha kama mwenye ukoma. Ami huja kila Ijumaa kumjulia hali mamake, na husimama mbali na kile kiti.

"Shikamoo, ami."

Anautazama mnazi.

"Mwitikie mtoto!" nyanya anamkaripia.

"Mtoto gani?" anauliza ami. "Mimi simuoni mtoto hapa."