Pistoni Zilizopika Maharage

Hapana, sikuiba. Kitu cha mume wako, kimelala chini ya kitanda chako miaka miwili, kila ukifagia kinakugonga kidole, hicho hakiibiwi. Kinahamishwa. Na wewe usinitazame kwa jicho la pembeni, hata kwako kuna kitu umeshakihamisha.

Zilikuwa pistoni nne. Mume wangu alizileta kutoka Kigoma, zimepakwa grisi, zimefungwa karatasi ngumu na gunia juu, akazisukuma chini ya kitanda kama mtu anayeficha pombe. Akasema ni akiba ya gari. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, rangi imebaki milangoni tu, na ndilo lililotulisha. Linakwenda Kibondo tupu, linarudi Kasulu na maharage na mihogo mikavu, mume wangu kashika usukani kwa mikono miwili utadhani kapakata mtoto wa watu.

Mimi nilikuwa na mgahawa pale karibu na soko la Kasulu. Mabenchi mawili, mafiga, basi. Nilichokosa ni sufuria kubwa. Na miaka ile Wakongo walikuwa wameshafika kambini Nyarugusu, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kuyeyusha vyombo vibovu na kutengeneza sufuria mpya. Anagandamiza sufuria ya mfano kwenye mchanga wenye unyevu, anaitoa, anamimina uji wa moto palepale. Alikuwa akipita na baiskeli kuokota vipande. Nikamwonyesha pistoni. Akaigonga na ukucha, akainusa, akaniambia, na mimi namwiga kama alivyokuwa: "Ee mama, hii ya motere, ya injini, njo muzuri. Bile bisahani binatoa povu tu. Hii ikiyeyuka inatembea kama mayi."

Akazichukua zote nne. Akaniletea sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mbuzi. Mume wangu akala maharage ya sufuria ile miezi na miezi, akasifu kwamba siku hizi yanaiva upesi.

Sasa ujue nilichokuwa nakiogopa. Si mume, yule alikuwa mpole, hata kuku akimfukuza anamwomba radhi. Nilimwogopa mama yake, kule Muyama. Nilikaa kwake miaka sita baada ya kuolewa, nikilima kuanzia umande mpaka jua la kichwani, na nikikohoa ananiuliza nani kanipa nafasi ya kuugua. Gari ndilo lililonitoa kule. Na yeye hakulisamehe. Kila tukienda kumsalimu anaongea kupitia puani, hivi, mdomo hauonekani ukifunguka: "Siku hicho kibati chenu kitakapokufa, mtarudi. Shamba lenu nimeshalipigia mpaka." Na mume wangu anajibu ego, mama, ndiyo mama. Alishamwahidi kweli kwamba gari likifa tutarudi. Kwa hiyo mimi nilikuwa najua: gari likitembea, mimi wa Kasulu, likisimama, mimi wa Muyama.

Likasimama. Lilikuwa linatoka Kibondo na mzigo, rejeta inavuja, maji yakaisha kwenye mlima, likanoki, injini ikakwama. Likaja Kasulu likivutwa na lori, kichwa chini kama mwizi.

Fundi wetu alikuwa mtu wa Tabora, anaongea polepole kama anayeombea maiti. Kuanzia siku ile sikukaa. Naacha maharage motoni, nakwenda gereji, narudi, nakwenda tena. Wateja wakaanza kujipakulia wenyewe. Siku ya tatu akanena: pistoni... moja... imepasuka. Silinda... nimeisugua... imekubali. Halafu akafurahi kabisa, akasema kwa kuwa mzee ana pistoni za akiba nyumbani, kesho kutwa mtatembea.

Mume wangu akaondoka mbio. Na mimi nyuma yake, miguu inakimbia lakini haitaki kufika. Akainama chini ya kitanda, akatoa kandambili, akatoa jembe lisilo na mpini, akatoa na kuku aliyekuwa anaatamia. Akaketi sakafuni.

"Ziko wapi?"

"Zinapika maharage," nikasema.

Hakunipiga. Alikwenda mgahawani, akafunua mfuniko, akayatazama maharage muda mrefu kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye msiba wa watu wengi.

Mimi ndiye niliyetoa wazo, sikatai. Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi, na kwa wahunzi wa Buha jembe likilika linakuwa kisu, kisu kikiisha kinakuwa sindano ya kusukia vikapu. Chuma hakipotei, kinabadili kazi tu. Ndivyo nilivyokua nikiona. Nikasema, kama pistoni imekuwa sufuria, kwa nini sufuria isirudi kuwa pistoni? Mume wangu akaniona nina akili. Pistoni nyingine ya gari la zamani vile Kigoma zilishaisha, ilikuwa mpaka uagize Mwanza, usubiri, na Kibondo watu walikuwa tayari wanapura maharage. Tukisubiri, msimu unapita.

Nikabeba sufuria kichwani, nikadandia lori mpaka Nyarugusu. Mkongo akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia mule ndani, pamoja na zile pistoni, alitia na sahani, na vijiko, na fremu ya dirisha ya kanisa. "Mama, hiyo pisto itatoka na dirisha ndani." Nikamwambia itoke hata na kengele, mimi nataka itembee. Akaikata sufuria yangu, akaiyeyusha, akaweka ile pistoni iliyopasuka kwenye mchanga kuchukua umbo. Ikatoka nzuri, nakuapia. Inang'aa kuliko ile ya zamani. Nikarudi nayo imefungwa kwenye kanga.

Fundi akaigeuza, akaigeuza. Akasema sufuria... ikipata moto... inavimba. Pistoni ya kiwandani imechanganywa kwa kipimo ili isivimbe ovyo, tena iwe ngumu. Hii... laini. Hata kisu kinaichora. Nikamuuliza yeye amewahi kuona moto mkali kuliko wa mafiga yangu? Mume wangu akasema ifungwe. Wakaipeleka kukerezwa kwenye mashine mpaka ikaingia kwenye silinda, wakaitia ringi, wakafunga.

Likawaka. Lilikohoa kidogo, kisha likawaka.

Safari ya kwanza nilipanda na mimi. Nilimwambia mume wangu nataka kwenda kuchagua maharage. Uongo, nilitaka kusikiliza. Njia nzima mpaka Kibondo nimetega sikio kwenye sakafu ya gari kama mkunga. Kibondo tukapakia magunia, nikamwambia usijaze, akajaza. Tukarudi. Kwenye mlima uleule nikasikia ngi-ngi-ngi, nikamwambia simama, akasema ni mawe ya barabarani. Nikamwambia mawe hayasemi hivyo. Halafu kwaa! Chini ya miguu yangu. Na oili ikamwagika barabarani nyeusi, nyingi, inafuka.

Fundi alifika kesho yake asubuhi kwa lori la mkaa. Sisi tulikuwa hatujala. Mume wangu akaanza kumwambia kwamba sasa atakwenda Mwanza mwenyewe, atatafuta pistoni ya kweli, ya kiwandani, imechanganywa sawasawa. Na mimi nikadakia, nitauza mabenchi, nitauza vyombo vyote, nitapika kwa kuazima, naongea huku nalizunguka gari, nazunguka, nikisimama tu naisikia ile sauti ya puani.

Fundi aliingia chini ya gari. Akatuita tuchungulie. Pistoni ilikuwa imevunjika vipande, na ule mkono wa chuma unaoishika, wao wanauita konrodi, ulikuwa umepiga ubavu wa injini ukatokea nje. Akaingiza mkono wake kwenye lile tundu mpaka kiwiko. Akautoa, akaufuta kwenye majani. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliongea haraka.

"Mama, sasa hata mkileta pistoni ya dhahabu, hapa hamna tena pa kuiweka."