Vioo vya Landrova ya Plastiki

Nakumbuka siku moja uani kwetu Mkonze, na waliokuwapo nitawataja wote, maana kila mmoja alisikia. Alikuwapo Shangazi Mwamvita, dada yake baba, aliyekuja na kuku wa kuagia. Alikuwapo Shabani, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwapo Tatu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa anaondoka kesho yake kwenda sekondari ya bweni Tanga. Alikuwapo Mzee Kassimu mpiga picha, kamera shingoni. Na nilikuwapo mimi, Mwanahawa, niliyeacha shule darasa la sita ili hao wadogo wapate kula.

Mwanangu, nakuandikia wewe uliyeachiwa ufunguo wa nyumba ungali mdogo. Wengine wakisoma si vibaya, lakini neno hili ni lako.

Baba alikuwa dereva wa Landrova ya serikali. Alitangulia yeye, kwa maradhi, na mama akamfuata kabla Tatu hajaacha ziwa. Picha ya mama tulikuwa nayo moja tu, aliyopigwa na huyo huyo Mzee Kassimu: amesimama mbele ya ukuta mweupe, Tatu mchanga mikononi. Pamoja na picha alipewa negativu yake, ile filamu nyeusi inayotumika kusafishia picha nyingine ikihitajika. Picha tuliitundika ukutani. Negativu ilikaa kwenye bahasha ndani ya sanduku la mama, na ufunguo wa sanduku ulikaa shingoni mwangu.

Niliwalea wenzangu kwa vibarua vya mashamba, kisha kwa maandazi, na ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, nikaingia kwenye mitumba. Watu walinisifu. Mkubwa jalala, walisema, na Mwanahawa ni jalala lisilolalamika. Nami nilipenda kusikia hivyo. Hakuna aliyenikumbusha kwamba jalala likijaa hunuka.

Siku moja katika robota la nguo za watoto nilikuta kisanduku cha karatasi ngumu. Ndani yake vipande vidogo vya plastiki, vimeshikamana kwenye vijiti kama ndizi kwenye mkungu, na karatasi ya michoro. Unavikata kwa wembe, unavilainisha kingo, unavigandisha kwa gundi, mwisho una gari la kukaa kiganjani, na usukani wake na viti vyake. Watoto wetu wa Mkonze walitengeneza magari ya waya na makopo, wakayasukuma mpaka yakavunjika. Haya hayakuwa ya kusukuma. Yalikuwa ya kutazama.

Nilipenda, mwanangu. Sijui nikueleze vipi. Tangu utotoni mikono yangu ilikuwa ya kufua na kupika kwa ajili ya wengine, na sasa ilishika kitu kisicholiwa na mtu wala kuvaliwa na mtu. Nikawaomba wenzangu sokoni wakikikuta kisanduku wasikitupe. Rafu yangu ikajaa. Taa za nyuma nilizipaka rangi ya kucha. Wadogo niliwakataza kugusa, na Tatu, aliyekuwa bado mdogo, alikuwa akitazama mikono iko mgongoni.

"Dada," Shabani alikuwa akinitania, "siku ya kwenda kwa shangazi utatupakia kwenye lipi?"

"Wewe utasukuma," nilimjibu.

Ndipo nikapata Landrova. Ilikuwa sura ile ile ya gari la baba, hata gurudumu la akiba juu ya boneti. Kila kipande kilikuwamo isipokuwa vioo. Nikajaribu nailoni, ikakunjamana. Nikaacha gari likae bila vioo, na kila nikilitazama nililiona kama kipofu.

Nilifungua sanduku la mama kutafuta sindano, nikaiona bahasha. Negativu ilikuwa kubwa, ya mraba, imara, imenyooka vizuri. Nikajiambia: picha si ipo ukutani? Hiki ni kivuli tu, nani atakiulizia? Halafu nikajiambia jambo baya zaidi, ambalo ndilo hasa ninalotaka ulisikie. Nikajiambia: katika nyumba hii mimi nimetoa kila kitu, hata shule yangu. Hiki nacho kinanihusu.

Upande wenye ukuta, ambao kwenye negativu huwa mweusi, niliukata ukawa vioo vya pembeni na vya nyuma, vya giza, kama vya magari ya wakubwa waliokuja kwenye mikutano ukumbi wa Chimwaga. Kioo cha mbele nilikitaka cheupe. Nikachukua kipande kilichobaki, nikakiweka kwenye maji ya moto yenye magadi, nikakisugua kwa kidole gumba. Weusi ukatoka. Maji yakawa kama ya kuoshea sufuria, nikayamwaga mlangoni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Landrova ilipendeza kuliko zote.

Miaka ikapita. Tatu akachaguliwa kwenda sekondari, na tukamwita Mzee Kassimu atupige picha ya pamoja kabla hajaondoka. Tatu akataka mama naye awemo. Akaingia ndani kuiteremsha picha ukutani ili aishike mbele yake. Alitoka ameikumbatia fremu, na nyuma yake udongo ulikuwa ukidondoka chini. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ukuta wetu wa tofali mbichi, wakaingia kwa nyuma. Kwenye kioo ulibaki ukingo wa karatasi na tope.

"Mchwa wamemla mama," alisema Tatu.

"Astaghafiru. Usiseme hivyo," Shangazi alimwambia.

Mzee Kassimu hakushtuka. "Negativu si nilimpa marehemu? Nipeni leo, nitakusafishia nyingine nikutumie huko huko shuleni. Ukitaka ya kujaza mlango, nitajaza mlango."

Tatu akacheka huku machozi yanamtoka. Wote wakanigeukia mimi.

Niliingia chumbani nikapekua sanduku, nikijua sitafuti kitu. Niliporudi nikasema, "Haimo. Labda ilidondoka siku ile Shabani alipofungua sanduku kutafuta cheti chake cha kuzaliwa."

"Mimi?" Shabani alisema. "Ufunguo si unalala nao wewe, dada?"

"Nilikuazima siku ile."

Ni kweli nilikuwa nimemwazima. Nilimwona akiinamisha kichwa, akijaribu kukumbuka jambo ambalo halikutokea. Laiti angebisha. Hakubisha, kwa sababu katika maisha yake yote sikuwa nimewahi kumdanganya. Akamsogelea Tatu, akamwambia, "Basi huenda ni mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Sikuona."

Nami nikamwacha aombe msamaha uliokuwa wangu kuuomba.

Tatu akajifuta uso. "Kama mama hayupo, basi tupige na Landrova ya baba," alisema. Alinitazama kuomba ruhusa, nikaitikia kwa kichwa bila kufikiri, maana nilikuwa nimekwisha kufikiri kwingine. Akaenda kwenye rafu. Hilo ndilo gari la kwanza aliloligusa katika nyumba aliyokulia. Akalipuliza vumbi, akaliinua juani kulitazama ndani, akalizungusha taratibu.

"Dada," aliniita. "Mbona kioo hiki cha nyuma kina vidole?"

Shangazi akalichukua gari, akaliinua vile vile. Kwenye kioo cha nyuma, pembeni, ulikuwa umebaki mkono wa mama, umeshika chini ya shali ya mtoto. Mzee Kassimu alichungulia mara moja tu, kisha akafunika kamera yake.

"Mwanahawa," alisema Shangazi. "Na uso uko wapi?"

"Niliuosha."

"Ukauosha. Kwa nini?"

"Ili kioo cha mbele kiwe cheupe."

Shangazi alimrudishia Tatu gari. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Umewalea hawa, na Mungu ni shahidi, hakuna atakayekuondolea sifa hiyo. Lakini kulea si kununua. Uliachiwa ufunguo ulinde, si umiliki. Na huyu kijana umemvika kosa lako mbele ya watu, naye amelivaa."

Nilimwomba Shabani radhi pale pale. Alisema, "Yameisha, dada," na kwake yaliisha kweli. Asubuhi yake, begi likiwa mkononi, Tatu aliniuliza swali moja: "Alikuwaje?"

Nikaanza kueleza, nikaona sina maneno ya kumfikishia mtu uso.

Mwanangu, ukiwa umejinyima sana kwa ajili ya wenzako, jichunge hapo hapo, kwa sababu moyo unaojinyima hujilipa kwa siri. Kujinyima kwako hakukufanyi mrithi wa peke yako. Ulichokitoa, kitoe ukisahau. Ukipenda kitu kizuri, kipende, hata magari ya plastiki si haramu, lakini usikate cha wote kukamilishia chako. Na ukikosea, sema kabla mdogo wako hajalibeba kosa lako, kwani mtoto uliyemlea hubeba chochote utakachompa. Wacha wadogo waguse vitu vyako wangali wadogo. Huenda Tatu angeviona vidole vile mapema, nami ningekiri kosa moja tu, kabla sijaliongezea uongo.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na mzito wa kuchukua. Akulindie uliowalea, nao wakulinde uzeeni kama wangu wanavyonilinda.

Landrova anayo Tatu. Kila Idi akija huileta, tunaiinua juani, kisha huniuliza jambo moja la uso wa mama. Nimemwambia mwanya wa meno, nimemwambia kovu dogo juu ya nyusi. Mwaka jana nilimweleza mashavu, nikasita katikati, maana niligundua nilikuwa nikieleza mashavu ya Tatu mwenyewe. Idi hii inakaribia, na macho ya mama bado sijamlipa.