Mashine Iliyojipima Kabla ya Kwenda Buterere

Nyinyi vijana mutakaosoma haya, mumezaliwa mukakuta programu inashuka kwa kugusa kidole. Sikieni basi. Mi shule niliiacha mapema, lakini niliyoyaona sebuleni kwangu Mutanga nimeyaona.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Binti yangu alikuwa akitunza ordinateri, yaani kompyuta, ya dispansari moja kule Buterere. Ilitumia Linux, na ndani yake ziliandikwa dawa za kila mgonjwa. Alitakiwa kuondoa programu moja ya zamani na kuweka mpya. Ingeharibika, hakuna ambaye angejua mgonjwa gani alipewa nini, na barabara ya Buterere siku hizo haikuwa ya kurudi jioni kusahihisha kosa.

Kwa hiyo alijaribu kwanza nyumbani, kwenye mashine aliyoipanga sawasawa na ile. Akaiandikia maagizo, akaondoa mikono. Mashine ikaweka programu mpya, ikaifungua, ikaifunga, ikaondoa ya zamani, kisha ikafungua zilizobaki moja moja kuona kama bado zinafanya kazi. Kimshale kinatembea, mkono hakuna.

Kaka yangu, fundi magari, alisimama hapo na chai yake. "Kumbe we unalipwa kwa kutazama?"

"Mjomba, mi natazama kama mama anavyotazama maharage. Bila kukoroga."

Mara yakatoka maandishi mekundu. Programu ya dawa imekataa kufunguka. Binti yangu akanieleza kwamba ile ya zamani ilipoondoka ilibeba kipande ambacho ya dawa nayo ilikitegemea. Hilo sikuhitaji shule kulielewa. Wakimbizi wengi walipanga kwangu, na mpangaji akihama mi nakagua nyumba nzima, si chumba chake tu, maana kuna mmoja aliondoka na bomba lililotuletea maji sote. Mashine ilikagua hivyo hivyo, haichoki, haimwonei mtu haya. Na binti yangu nilimheshimu, maana hakuyaamini macho yake peke yake.

Akarekebisha, akaanzisha jaribio toka mwanzo, si pale lilipokwama. Asubuhi iliyofuata alitakiwa Buterere. Pasi yetu nayo, ukiichomeka tu, fyuzi inaruka na umeme wa nyumba nzima unakatika, na kaka yangu alikuwa ameshaishika, kanzu ya arusi begani.

"Weka pasi chini," nikamwambia, na wote wakasikia. "Mpaka mashine imalize, apana mutu kuchomeka kitu humu ndani. Anayekwenda arusini aende na mikunjo yake."