Damu ya Mwoka Mikate

Pale maabara ya hospitali walimwita Mama Rudia, na si kwa mapenzi. Miaka ishirini na sita alikuwa akipima damu za watu, na kila jibu lisilomwingia akilini alilirudisha wodini na ujumbe uleule: "Rudia." Madaktari vijana hawakutaka hata kumsikia. Yeye wala! Alikuwa na kisukari, mume mkoromaji na mashine yenye majivuno. Chuki ya madaktari angeiweka wapi?

Mashine yenyewe ilikuwa mpya. Ilihesabu chembe za damu kwa dakika moja, ikatema jibu kama mtu asiyewahi kukosea maishani mwake.

Kwa siku tisa ilikuwa ikihesabu damu ya mwoka mikate mmoja aliyelipukiwa na tanuri la gesi. Moto ulimla kifua na mikono yote miwili, kisha vijidudu vikaingia kwenye damu. Mama Rudia hakuwahi kumwona, ila damu yake aliijua kama alivyojua sauti za wanawe. Kila asubuhi alitazama vitu viwili: lakteti, ile asidi inayopanda mwili unapoelemewa, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kwa mgonjwa wa moto, chembe sahani zikiporomoka ghafla, mara nyingi mwenyewe naye yuko njiani kuaga dunia.

Siku ya kumi mashine ikasema chembe sahani ni elfu kumi na mbili. Jana yake zilikuwa laki moja na elfu arobaini.

Daktari wa zamu hakungoja. Alifuta upasuaji uliopangwa saa nne asubuhi, wa kuondoa ngozi iliyooza, maana asiyegandisha damu hapasuliwi. Na bila upasuaji, vijidudu vingemmaliza. Akamwambia mke wa mgonjwa awalete watoto wamuage baba yao.

"Rudia," Mama Rudia akasema kwenye simu.

"Mama, mashine ni mpya hii!"

"Na ukaidi wangu ni wa zamani, mwanangu. Ningoje."

Akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini. Haya! Chembe sahani zilikuwa tele, zimeshikana mafungu mafungu kama majirani wenye umbea mpya. Ile dawa ya kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, inayozuia damu isigande, kwa watu wachache huzifanya chembe hizo zishikane. Mashine ikayaruka mafungu, ikahesabu zilizobaki mojamoja.

Akachukua kichupa cha kifuniko cha buluu, chenye dawa nyingine, akapanda wodini mwenyewe. Watoto wawili walikuwa wameketi kwenye benchi na sare za shule, mama yao kasimama, macho mekundu. Ndani, mwoka mikate alikuwa amefungwa bandeji mpaka kidevuni.

"Wewe nani?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Ndimi ninayenyonyewa damu yako kila asubuhi, kule maabara."

"Kumbe! Nilidhani mbu."

Mama Rudia akacheka, kisha akaitoa sindano. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akaichoma mguuni, palipobaki ngozi nzima.

Safari hii jibu likawa laki moja na elfu thelathini na moja. Lakteti nayo ilikuwa imegoma kushuka, na hilo hakulificha. Daktari alitazama karatasi, akatazama viatu vyake, halafu akapiga simu chumba cha upasuaji. Ilipogonga saa tano machela ya mgonjwa ikasukumwa.

Mke akamshika Mama Rudia mkono. "Mama, atapona?"

"Sijui, mwanangu. Ila leo ana damu ya kupasuliwa."

"Na hawa watoto? Niliambiwa niwalete waage."

"Wameshaaga?"

"Bado. Nimeshindwa hata kuwaambia wamefuata nini."

"Basi usiwaambie. Wapeleke shule."

Mdogo wao akaangua kilio kikubwa kuliko vyote vilivyosikika wodini siku hiyo. Kumbe mtoto huyo alikuwa anashukuru kimoyomoyo kwamba ameukwepa mtihani wa hesabu.