Baba na Filamu Zenye Makosa

Juzi nilikuwa nikikatiza kichochoro kimoja cha katikati ya mji, kule wanakouza simu na chaja, nikasikia sauti ya dijei akitafsiri filamu ya kareti. Unaijua sauti hiyo hata kama hutaki kuijua: mtu mmoja anasema maneno ya wote, ya wanaume, ya wanawake na ya watoto, na katikati ya mapigano anasimama kwanza kuwasalimia jamaa zake wa Kawangware. Nikasimama. Muuzaji wa filamu alidhani nimeona ninachokitaka. "Sista, kuja uchague, mia tu," akaniita. Sikutaka kitu. Husimama hivyo kila niisikiapo sauti ya namna hiyo, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini.

Tuliishi Riruta, Nairobi, chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi. Televisheni yetu ilikuwa ile ya kisogo kikubwa, iliyojaza meza nzima, na ikiwaka kwa muda ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Baba alikaa kiti cha mbele, karibu kabisa, magoti yakigusa meza. Sisi wengine, yaani mama, mdogo wangu Kamau, mimi, na Mama Achieng wa mlango wa pili, tulijipanga kitandani nyuma yake.

Baba alikuwa dereva. Aliendesha pikapu ya duka moja la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner, akipeleka simiti na nondo hadi Westlands, ambako magorofa yalikuwa yakiota kila mwezi. Lakini Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, alikuwa hakimu. Hakuna aliyemteua. Hakuwa ameingia ukumbi wa sinema hata siku moja, wala hakuwahi kuimba kwaya. Alikuwa tu na maoni, na maoni yake hayakuwa na huruma.

Kwanza zilikuja kwaya za kwenye televisheni. "Kwaya siku hizi zimekwisha," alisema baba. "Mtu mmoja anashika maiki, wawili wanamsindikiza, eti hiyo ni kwaya. Zamani walikuwa watu arobaini." Mama Achieng alicheka hadi akashika mbavu, kwa sababu mle kwenye kioo kulikuwa na watu wasiopungua ishirini, wamevaa mashati ya zambarau, wamejipanga safu mbili. "Baba Wairimu, wewe unadharau watu mpaka hutaki kuwahesabu!" Mama naye akamwambia kwamba anamwona mmoja tu kwa kuwa ndiye mrembo. "Macho hayana pazia," baba akajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kisha tulitia filamu. Za dijei tu, maana za Kiingereza baba alisema zinamchosha. Hapo ndipo alipokuwa mkali zaidi. Shujaa yuko uani, amewamaliza maadui wote, anafuta jasho, mara anapigwa rungu la mgongo. "Huyu naye ametokea wapi?" baba aliuliza kwa hasira ya kweli. "Si tumeambiwa wameisha? Hii movie imekatwa. Hawa watu wanatuona wajinga." Tulikuwa tumemwona yule adui akinyemelea kutoka ukingoni mwa kioo, tena taratibu, lakini nani angeharibu mchezo? Maneno yale yakawa mali ya ploti. Mtu akiingia nyumbani kwa mwenzake bila kubisha, aliulizwa, "Huyu naye ametokea wapi?" na wote tukacheka.

Mimi nilimwamini. Nilikuwa na miaka kumi, na nilibeba maoni yake hadi shuleni nikayatoa kama yangu. Niliwaeleza wenzangu kwamba filamu za siku hizi zinashonwa vibaya na kwamba kwaya zimekufa, na kwa muda mfupi nikawa mtu wa kuheshimika kule nyuma ya choo cha wasichana tulikokuwa tukipigia soga.

Kulikuwa na mambo mengine, lakini tuliyaweka kila moja mahali pake. Baba aliangusha vikombe. Alijikwaa kwenye stuli iliyokuwa pale pale tangu nizaliwe, akauliza nani ameisogeza. Pikapu ikaanza kuwa na mikwaruzo ubavuni, naye akasema madereva wa Nairobi hawana adabu. Mama alianza kumnusa mdomo kila akirudi kazini. Jioni moja baba alimgundua. "Unatafuta nini, Mama Wairimu? Nimekunywa chai yako tu," alisema, akala nusu ya ugali wake, akaisukuma sahani. Nakumbuka alivyoumia. Hakuwa mlevi, na hakuwa mwongo pia. Alichokisema ndicho alichokiona: dunia ilikuwa imeanza kumrushia vitu kutoka mahali pasipo na kitu.

Maji ya ploti yetu yaliletwa na Musyoka. Alikuwa kijana mrefu wa Ukambani, mwenye mkokoteni wa mitungi ishirini ya manjano, na akiisha kuuza alitubeba mimi na Kamau juu ya mitungi mitupu hadi kona ya barabara. Aliniita mwalimu, kwa vile nilikuwa nikimsomea maandishi ya kwenye magari.

Ilikuwa likizo ya Agosti, siku ya kazi, kama saa kumi alasiri. Mama alinituma sukuma wiki. Nilipofika Naivasha Road nikakuta watu wamefunga barabara, na maji yanatiririka hadi miguuni mwangu ilhali hakukuwa na mvua. Nikapenya. Pikapu ilikuwa imepanda juu ya mkokoteni. Baba alikuwa amesimama katikati ya mitungi, mikono hewani, akimgeukia huyu na yule. "Ametokea wapi?" aliuliza. "Jamani, niambieni. Ametokea wapi?"

Mwanamume mmoja alimjibu. "Kutokea wapi nini, mzee? Alikuwa hapo kando yako kutoka kule chini! Wewe huoni?"

Musyoka alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwenye ploti kila aliyekuja kutupa pole alisema ajali haina kinga. Mama Achieng alisema hivyo, mchungaji akasema hivyo. Mama naye alimwambia vivyo hivyo mke wa Musyoka, aliyekuja kuchukua mwili akiwa na mtoto mgongoni. Mwanamke yule alimtazama mama, akamtengeneza mtoto kwenye kanga, akaondoka. Tangu hapo siupendi msemo huo. Ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa imekaa kitandani kila Jumapili.

Polisi walitaka baba apimwe macho kabla ya kesi. Nilikwenda naye pamoja na mama. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alimketisha baba, akamwambia atazame mbele, kwenye pua yake daktari, asigeuze jicho. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaileta polepole kutoka pembeni.

"Ukiiona, sema."

"Bado," alisema baba.

Kalamu ikapita sikio la baba. "Bado." Ikapita shavu. "Bado, daktari, si uilete?" Mama akaweka mkono mdomoni. Kalamu ilikuwa imebakiza inchi chache kufika mbele ya pua ndipo baba alipotabasamu na kusema, "Eeh, hiyo sasa."

Daktari alituambia ni presha ya macho. Alisema inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, haiumi, na mwenyewe hajui, kwa sababu kile kidogo cha katikati kinabaki safi. Tungekuja mapema, angekuwa na dawa ya kuizuia. Kilichokwenda hakirudi. Mama alilia. Baba aliuliza kama ataweza kurudi kazini. Mimi nilikuwa nikitazama ile kalamu, maana mchezo ule niliujua.

Nitawaambia ninyi, kwa kuwa kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Mimi na Kamau tulikuwa na mchezo wetu. Filamu ikikolea, mama na Mama Achieng wakiwa wametoka nje kupika chai, mmoja wetu alisimama kando ya televisheni, hatua moja tu kutoka kiti cha baba, akamtolea ulimi. Baba haoni. Tunasogea kidogo, tunamkunjia uso, tunapunga mikono. Haoni. Mshindi alikuwa yule atakayekaribia kioo zaidi kabla ya kuitwa jina. Tulianzia mbali, na wiki baada ya wiki tukawa tunaweza kusogea zaidi. Niliweka alama kwa chaki ukutani, mahali aliponiona kila mara, na alama zile zilikwenda zikiikaribia televisheni. Nilidhani nazidi kuwa hodari.

Baada ya hospitali nilirudi nyumbani, nikaufuta ukuta kwa kitambaa chenye maji. Kamau alinitazama hadi nikamaliza.

Baba hakufungwa. Lakini hakuendesha tena gari, na kabla sijamaliza shule ya upili hata kile kidogo cha katikati kilikuwa kimekwenda. Bado anaishi Riruta. Mama alishatangulia. Mimi hufika kila Jumapili, na kwa miaka yote hiyo nilinyamaza nikijiambia kwamba mtoto wa miaka kumi hajui kitu. Ni kweli, sikujua ugonjwa. Nilichokuja kukielewa nikiwa mtu mzima ni kwamba sikuhitaji kuujua. Nilihitaji tu kumwambia mama kwamba baba hatuoni. Sikusema, kwa kuwa ningechapwa, na kwa kuwa mchezo ulikuwa mtamu.

Mwaka jana nilimwambia. Nilisema yote: ulimi, mikono, chaki. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono magotini. Nilitarajia aniambie kwamba mtoto hana kosa. Mchungaji ndivyo angesema, na nilikuwa tayari kulia na kusamehewa.

"Zilikuwa alama ngapi?" aliuliza.

"Saba, baba. Au nane."

"Ungesema tu, Wairimu," alisema. "Ningekuchapa, kweli ningekuchapa. Lakini ungesema."

Kisha akaniomba siku moja nimpeleke Ukambani, amtafute mke wa Musyoka. Nimeuliza. Hakuna anayejua alikohamia.