Asteria Alipokosa Wimbo

Mke wa kaka yangu Wendelin anaitwa Asteria, na kwa miaka mingi nyimbo za kwaya ya kigango chetu huku Ngumbo zilitoka kichwani mwake. Hakusomea muziki. Nota alifundishwa na katekista aliyemlea, na kabla hata hajaolewa alikuwa ameshatunga wimbo wa vipaji, ule wa kupeleka sadaka altareni, uliovuka hadi parokia za jirani. Mimi niliimba besi katika kwaya ile. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe.

Alikuwa akitunga huku anafanya kazi. Akianika usipa, visamaki vya ziwa letu, kwenye chanja, midomo ilikuwa inacheza. Akimenya muhogo, ghafla kisu kinasimama, anaita, "Shemeji Isidori, hebu njoo unipe sauti ya chini hapa!" Nami naacha wavu ninaoushona, naenda. Kwetu jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kuchota maji ziwani.

Yakaja mashindano ya kwaya kule Mbinga. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia: wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda milima ya Wamatengo na magari yao, maduka yamejaa mitumba na redio za kaseti, na kila kijana anayetoka mjini anarudi na kaseti ya kwaya iliyopigiwa kinanda cha umeme. Sisi tulipanda na ngoma zetu na kayamba, tukaimba nyimbo za Asteria. Jaji mmoja, mwalimu wa muziki aliyetoka mbali, aliposimama kutoa maoni alisema bila ukali wowote, "Ngumbo mna sauti nzuri sana. Ila mtunzi wenu ana wimbo mmoja tu, anaubadilishia maneno. Kila akifika mwishoni anapanda palepale."

Ukumbi ukacheka. Asteria naye akacheka. Lakini kwenye lori la kurudi, wenzake wakiimba, yeye alikuwa anapiga vidole gotini, polepole, na mimi nikajua anazipitia nyimbo zake moja baada ya nyingine. Tulipoanza kuteremka na ziwa likaonekana chini, akanigeukia.

"Shemeji, yule mtu amesema kweli."

Tangu hapo akakauka. Si kwamba sauti hazikuja. Zilikuja, ila kabla hazijafika mwisho alikuwa ameshazikamata na kuzikagua kama mgambo sokoni. Hii ni ileile. Hii nayo ni ileile. Akawa mtu wa kutotulia. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Alianza kulima bustani ya mchicha, akaiacha, akaenda kufinyanga mafiga ambayo hakuna aliyemwagiza. Siku nyingine alifunga khanga kiunoni akatembea kwa miguu hadi Kihagara, eti kununua kunde, akarudi bila kunde.

"Kaa chini, mama," Wendelin alimwambia jioni moja chakula kikipoa.

"Nikikaa nausikia ule ukimya."

"Basi usitunge. Nani amekulazimisha?"

Alimtazama kaka yangu kwa namna iliyomfanya Wendelin asilirudie tena swali lile.

Alikwenda kwa Padre Pankras, paroko wetu. Alimwambia kwamba zamani akisali wimbo ulikuwa unakuja katikati ya sala, ikambidi aombe msamaha kwa kutosikiliza. Sasa anasali na hakuna kinachomsumbua. Je, Mungu amemnyang'anya kile alichompa? Padre alimshauri asali novena, sala za siku tisa. Akaisali yote, magoti yakamuuma, akarudi nyumbani na hasira ambayo aliiona ni dhambi, akaiungama, akabaki nayo. Akajaribu kuiga zile kaseti za mjini. Tuliufanyia mazoezi wimbo aliouiga hivyo, na waimbaji wa sauti ya pili walipoanza kucheka, yeye mwenyewe aliusimamisha.

Katika hali hiyo Padre Pankras akatangaza kanisani kwamba Urbani, mtoto wa mvuvi wa hapa kwetu, atapewa upadre, wa kwanza kutoka kigango chetu, na misa yake ya kwanza ataisomea nyumbani. "Wimbo wa kuingia," akasema, "tunamtegemea Mama Asteria." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilimtazama shemeji yangu. Alikuwa anaukunja na kuukunjua ukingo wa khanga yake.

Miezi ikapita. Cleopa, mwenyekiti wa kwaya, akaanza kusema waziwazi kwamba tuchukue wimbo kwenye kaseti, aibu itupite. "Mwalimu, si kosa lako," alimwambia Asteria, maana ndiye aliyetufundisha nyimbo. "Kisima nacho hukauka." Alikuwa anamfariji, lakini Asteria aliyasikia maneno yale kama hukumu.

Kisha mdogo wake, Avelina, akaugua tumbo, akapelekwa hospitali ya misheni iliyo mwambao huohuo wa ziwa, akafanyiwa upasuaji. Asteria akaenda kumuuguza. Nadhani alifurahi kuondoka, ingawa si jambo la kusema.

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la kuwapikia wagonjwa. Wauguzaji kutoka kila upande walikutana pale na sufuria zao: Wanyasa wa huku chini, Wamatengo walioshuka kutoka milimani, watu waliotoka karibu na mpaka wa Msumbiji. Asubuhi moja Asteria alikuwa akipuliza moto wa kuni mbichi, moshi machoni, aliposikia mwanamke anaimba huku anasonga ugali wa muhogo.

*Baba, mzigo huu ni wangu,*
*lakini mgongo ni wako.*

Ulikuwa wimbo wake, ule wa vipaji, wa usichana. Akajikuta anauitikia. Walipofika mwisho yeye akapanda, yule mwanamke akashuka, na sauti zao zikagongana vibaya hata wapishi wengine wakageuka.

"Hapana, dada," mwanamke akasema, mwiko mkononi. "Hapo unakosea. Hapo hatupandi, tunashuka."

"Unapanda."

"Unashuka. Kwetu Chiwanda hata watoto wanajua."

"Mama, wimbo huu nimeutunga mimi."

Mwanamke alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, na masizi yake. Akaanza kucheka. "Basi hapo mwishoni hukutunga vizuri."

Banda zima likacheka. Asteria aliniambia kwamba alitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa kama amerudishwa ukumbini Mbinga. Lakini mwanamke yule, Kunigunda jina lake, hakuwa na ubaya. Alimsogezea kigoda, akaendelea kusonga, akamweleza. Mama yake mzazi alikuwa mwanakwaya, na wimbo huo aliupenda kuliko zote. Akashikwa na ugonjwa wa kifua. Alipotaka kuimba, pumzi ilikuwa inamwishia pale panapopandwa, anakohoa, analia kwa uchungu. "Tukaona tumshushie. Nyumba nzima tukawa tunashuka naye. Alipofariki tukamzika kwa wimbo huo, tukashuka vilevile. Walioukuta msibani wakadhani ndivyo ulivyo."

Asteria alisahau ugali wake ukaungua.

"Aliuimba muda mrefu?" akauliza.

"Masika yote. Hata siku anaondoka alikuwa anauimba, midomo tu."

Asteria akamwomba amfundishe. Wakauimba tena na tena mle bandani, Kunigunda akimrekebisha kwa mwiko, mpaka mtunzi akaujua wimbo wake.

Nilimuuliza baadaye ni nini hasa kilichofunguka siku ile. Alisema hajui. Alisema tu kwamba tangu Mbinga kila alipotunga alimwona yule jaji amekaa mbele yake na kalamu. Siku ile aliporudi wodini, mahali pa jaji alimwona Avelina, tumbo limeshonwa, anaogopa hata kupiga chafya.

"Hebu imba hapa na mimi," akamwambia.

"Dada, mimi naumwa."

"Kidogo tu. Niambie pumzi inapokatika."

"Inakatika sasa hivi!" Avelina akasema, akaanza kucheka, akashika mshono, akamfukuza. Lakini mchana aliimba, mistari miwili, na Asteria akapima hapo urefu wa pumzi.

Alirudi Ngumbo na wimbo wa misa ya Urbani, ila haujapata mwisho, na huo mwisho ulitutoa jasho. Alileta mmoja, Cleopa akasema, "Mwalimu, unaishia kama mtu aliyekatizwa maneno." Zamani angelia. Safari hii alisema, "Kweli," akaondoka, akarudi na mwingine. Huo ukawa mbaya zaidi. Akaleta mwingine. Tulichoka naye. Alikuwa anatujia mashambani, anatujia ufukweni tukivuta wavu wa kokoro, "Jaribu hivi, sasa jaribu hivi." Sisi tulioona kiangazi kile ni kirefu hatukukosea.

Siku ya misa ya Urbani tuliuimba.

*Tulimlea kwa usipa na muhogo,*
*sasa mlee Wewe kwa mkate wako.*

Sitasema watu walilia wote. Wengine walikuwa wanatazama viatu vya wageni kutoka mjini. Ila bibi yake Urbani, ambaye hakuwa tena na meno wala nguvu ya kusimama, aliushika uliporudiwa mara ya pili tu na akaufikisha hadi mwisho, na mama yake Urbani aliyekuwa amejikaza tangu alfajiri akauficha uso begani kwa bibi huyo.

Baada ya misa tuliandaliwa wali na nyama. Nilimkuta Asteria amesimama nyuma ya kanisa, sahani mkononi, hali chochote, anatembea hatua chache anarudi. Nikadhani ule uchungu umerudi.

"Shemeji, vipi tena?"

Akanipa sahani yake bila kunitazama. "Kula wewe. Meza haraka, halafu unipe sauti ya chini. Kuna kitu hapa, na kikinipita leo sitalala."